Mashine Iliyongoja Mgeni Rasmi

Nilikaa mwaka wa nne kwa miaka miwili. Majirani zetu wa Kianda, upande ule wa Kibera unaopakana na Olympic, walikuwa wamezoea kuniuliza, "Na wewe unamaliza lini?" kwa sauti ile wanayomuulizia fundi aliyeacha nyumba bila paa. Nilikuwa na jibu moja tu: "Karibu." Nililitoa mara nyingi hadi likaisha ladha.

Si masomo yaliyonifunga hapo. Mitihani yote nilikuwa nimepita. Kilichobaki ni mradi mmoja wa utafiti wa kemia, na mradi wenyewe ulihusu kitu ambacho kila nyumba ya kwetu inakijua: mafuta ya kupima. Yale unayonunua dukani kwa kipimo kidogo, muuzaji akikumiminia kwenye chupa uliyokuja nayo. Uvumi ulikuwa kwamba wengine huyachanganya na mafuta ya transfoma za umeme, eti ndiyo maana chips za barabarani hukauka vizuri. Nilitaka kujua ukweli. Nilinunua mafuta Kianda, Mashimoni, Gatwekera, na Kawangware ambako ndiko kampasi yetu ndogo ilikuwa, nikayatia kwenye vichupa na kubandika majina. Kisha nikakumbuka kwamba hatukuwa na mashine ya kuyasoma.

Mashine yenyewe inaitwa spektromita. Hii niliyoihitaji hupitisha mwanga usioonekana kwa macho ndani ya tone la mafuta, halafu kompyuta inachora mstari wenye mabonde. Mafuta ya alizeti yana mabonde yake, ya transfoma yana yake, na hayafanani. Mwaka wangu wa kwanza wa kukwama nilipeleka vichupa kwenye chuo kikubwa ng'ambo ya mji, nikaambiwa nishike foleni. Niliishika kwa miezi. Siku niliyoitwa nilikuta wamesafisha friji na kutupa kila kitu kisichokuwa na mwenyewe. Jina langu lilikuwa kwenye kila kichupa! Nilimtukana mtu mmoja pale, mpaka leo sijui alikuwa nani, nikatoka nikilia kwa hasira.

Idara ilinipa nafasi moja ya kurudia mradi. Moja tu. Ikishindikana ningetoka na barua ya kuthibitisha kwamba nilihudhuria masomo, karatasi ambayo isingefaa hata kufungia njugu.

Mhadhiri wangu, mama mmoja mfupi mwenye haraka ambaye sote tulimwita Daktari, naye alikuwa amechoka kuombaomba mashine za watu. Akaamua tutafute yetu. Aliandika maombi kwa mfuko mmoja wa ng'ambo unaosaidia vyuo vidogo, mimi nikawa mchapaji wake, kwa sababu Daktari alichapa kwa kidole kimoja na kulalamika kwa vyote kumi. Wafadhili walikuwa na masharti: chumba chenye kufuli, umeme wa kutegemewa, na kitabu cha kumbukumbu kinachoonyesha mashine inavyotunzwa. Sharti lililomfurahisha Daktari zaidi ni la mwisho, kwamba mashine iguswe na wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mikono yao wenyewe.

Nilitumwa kwa mawakala watatu kuleta nukuu za bei. Kwa wakala wa kwanza msichana wa mapokezi aliangalia viatu vyangu, vilivyokuwa na matope ya Kibera, akaniambia mlango wa wanaoomba kazi ya usafi uko nyuma. Kwa wa pili nilipanguza viatu kwanza. Kamati ya ununuzi ya kampasi ikakaa mara tatu. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tusinunue tanki la maji. Mwingine, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akainua mkono na kuuliza, "Na hii inaweza kuprint vyeti?" Daktari akamjibu bila kupepesa jicho kwamba ikitunzwa vizuri itaprint vingi sana. Ombi likapita.

Sanduku lilipofika, pikapu ililazimika kupenya katikati ya soko la Kawangware, na akina mama wa nyanya wakakunja magunia yao wakilaani. Wabebaji wanne walilishusha. Mbele yao alitembea fundi wa maabara yetu, mzaliwa wa Kawangware hasa, ambaye babu yake alilima pale kabla hakujawa na ploti hata moja. Alikuwa mzee wa kanisa, alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba zake za kupanga, na alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. "Pole pole! Hiyo si kabichi!" alikuwa akifoka. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee, naye alituita "nyinyi watu" hata ukiwa peke yako.

Injinia wa wakala alikuja kuifunga, kijana mpole aliyevaa koti jeupe kuliko makoti yetu yote. Daktari alikuwa darasani, na Mzee akasema macho yake hayataki mambo ya skrini, kwa hiyo aliyefundishwa ni mimi. Injinia alinionyesha kwamba ndani ya mashine kuna kipande cha kioo kisicho kioo. Ni chumvi, imesuguliwa hadi ikang'aa. Nilielewa papo hapo. Kwetu Kianda, mvua za masika zikianza, chumvi hulowa ndani ya kopo hata ukifunika. "Sasa hii nayo ikilowa," akasema, "hakuna mashine. Umebaki na kabati." Akanipa amri tatu. Isizimwe kamwe, kwa sababu umeme ndio unaoipa joto. Kila Ijumaa niangalie kidirisha kidogo kilicho nyuma yake, ukubwa wa kifungo cha shati: kikiwa buluu, salama, kikigeuka pinki, unyevu umeingia. Na kikigeuka, nibadilishe siku hiyo hiyo chembe za kukausha, ndugu za zile unazozikuta kwenye sanduku la viatu vipya. Kila nitakachoona nikiandike katika kile kitabu cha kumbukumbu: tarehe, rangi, sahihi.

Kisha akaniambia nijaribu. Nilikuwa na kichupa kimoja mfukoni, mafuta ya duka la jirani yetu. Nikaweka tone. Mstari ukajichora taratibu kwenye skrini, bonde baada ya bonde, na nikapiga kelele kiasi kwamba Mzee alichungulia akidhani nimechomwa na asidi. Sijawahi kufurahi vile ndani ya jengo lolote.

Furaha ilidumu kama nusu saa. Mkuu wa kampasi aliingia, akaona skrini inawaka, akauliza, "Kwani imezinduliwa?"

Hapa kwetu kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Mashimoni kuliwahi kujengwa kioski cha maji kilichokaa kimefungwa utepe msimu mzima kikingoja mheshimiwa, na watu wakipita mbele yake na mitungi kwenda kununua maji mbali. Nilikuwa nimekicheka kioski hicho. Sasa mkuu alieleza kwamba wafadhili watakuja, mgeni rasmi amekubali, bamba la ukutani limeshaagizwa likiwa na nafasi ya tarehe, na haiwezekani mgeni akate utepe wa kitu kilichotumika. "Ni kama kumkaribisha mtu chakula mlichoonja," alisema. Ilikuwa wiki mbili tu. Daktari akabishana naye kidogo, kisha akaniambia tuvumilie, wiki mbili si kitu.

Mkuu alitaka mashine ifunikwe kwa heshima. Hapo ndipo kiherehere changu kilipoingia. Nilisema mama yangu hushona vitambaa.

Mama alitoka Magharibi akiwa msichana, akaja na sindano moja ya kroshia, na kwa sindano hiyo alikuwa amefunika Kianda nzima: makochi, meza, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi wa mchungaji. Kwake kitu kizuri kisichofunikwa ni kitu kilichodharauliwa. Alikuja kampasi na uzi, akaipima mashine kama anayempimia mtoto sare ya shule, na baada ya siku chache akarudi na kitambaa cha rangi za kampasi, maua yakizunguka pindo lote, kikishuka hadi mezani pande zote nne. Watu walipiga makofi. Mkuu alimpa mkono na kumwambia, "Mama, umetuheshimisha." Mama alishika ule mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa chuo akimshukuru mama yangu kwa chochote.

Mzee akazungushia utepe juu ya kitambaa, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kama mzigo wa kutumwa mashambani. Akafunga kwa fundo lake mwenyewe, lile analofungia ng'ombe. Kidirisha kilikuwa nyuma, chini ya kitambaa, chini ya utepe. Niliona hilo wakati huo huo. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari kusema, na mbele yangu mama alikuwa bado ameshikwa mkono. Nikaufunga.

Ijumaa ya kwanza nilisimama mbele ya mashine na kitabu. Nikagusa pindo. Kitambaa kilikuwa kimebanwa na utepe hata kidole hakipiti. Mzee alikuwa mlangoni.

"Niaje, nyinyi watu. Na hiyo fundo usiniharibie. Mkuu amesema isiguswe mpaka mgeni akuje."

"Nilikuwa nataka tu kucheki kitu huko nyuma, Mzee."

"Si ulicheki last week? Ilikuwa aje?"

"Buluu."

"Basi. Wiki moja itaenda wapi?"

Nikaandika: Buluu. Nikatia sahihi. Sikuhisi kama nimesema uongo. Nilihisi kama nimekubaliana na mtu mkubwa.

Wiki mbili zilipoisha mgeni rasmi alikuwa safarini. Tukapewa tarehe nyingine, ikaangukia siku ya maandamano, barabara zikafungwa. Iliyofuata akaomba radhi. Masika yakaingia. Gatwekera vichochoro viligeuka uji, na mimi nilitembea kila asubuhi kutoka Kianda, nikipitia Jamhuri na kuvuka barabara ya Ngong hadi Kawangware, nikiwa na viatu mkononi na ndala miguuni. Maabara ilikuwa sakafu ya chini, kando ya mtaro, na kuta zake zilitoa jasho. Jioni kabla ya kuondoka Mzee alichomoa plagi zote, ya spektromita ikiwemo. Nilimwona. Umeme wa Kawangware ulikuwa umemwunguzia vifaa vingi alivyovipenda, na hakuna injinia wa koti jeupe ambaye angemwambia aache plagi ukutani usiku kucha. Nilijaribu mara moja kumkumbusha, akaniuliza kama nataka kuchoma kampasi.

Nikaandika Buluu Ijumaa ya pili na ya tatu. Ya nne nilienda hadi mlango wa ofisi ya Daktari kumweleza, nikasimama nje nikisikia anavyocheka kwa simu. Kumwambia siku hiyo kulimaanisha kumwambia pia kwamba zile tatu sikuziona. Na mtu aliyeandika asichokiona hafanyi kemia, hilo alikuwa ametufundisha yeye mwenyewe, muhula wa kwanza, siku ya kwanza. Nikarudi. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na nne za kueleza badala ya tatu. Kila wiki mlango ule ulizidi kuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusogeza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya nilikuwa nimesimama ndani yake na nguo zangu zote, sitoki wala siogi.

Nyumbani mama alifungua kopo la chumvi akatoa bonge lililolowa. "Hii mvua," akasema, "hata chumvi inalia." Nililala bila kula na nikamwambia nimechoka na mradi. Tarehe ya kukabidhi mradi ilikuwa inakuja, vichupa vyangu vilikuwa vimejipanga juu ya rafu karibu na kitanda, na kila nilipovitazama niliona ile barua ya mahudhurio.

Siku ya uzinduzi ilifika siku chache kabla ya Ijumaa ya kumi na nne. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya, na maombi mawili. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa nne, akasema msongamano wa magari. Alikata utepe kwa mkasi uliokuja juu ya sinia. Kitambaa cha mama kikainuliwa na watu wawili, kikakunjwa. Nilikuwa nimechaguliwa kuonyesha, kwa kuwa mimi ndiye niliyefundishwa, na nilipozunguka nyuma kuwasha nilikiona kidirisha. Kilikuwa pinki kama ufizi wa mtoto.

Nikaweka tone. Nini kingine ningefanya? Kamera za simu zilikuwa juu yangu. Kwenye skrini mstari ukaja ukitetemeka, hauna bonde hata moja, mchafu mwanzo hadi mwisho. Na watu wakapiga makofi. Walipiga kweli kweli, kwaya ikapiga vigelegele, kwa sababu hakuna aliyejua mstari unatakiwa kuwa vipi.

"Sasa inasema mafuta ni safi?" mgeni rasmi aliuliza.

"Bado inafikiria, mheshimiwa."

Wakacheka kwa furaha. Daktari peke yake hakucheka wala kupiga makofi. Alikuwa anaangalia skrini, halafu akaniangalia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hakunishuku hata kidogo.

Jumatatu injinia alirudi. Alifungua kifuniko tukiwa sote tumemzunguka: Daktari, mkuu, Mzee na mimi. Kile kipande cha chumvi kilikuwa na ukungu kama kioo ulichokipumulia. Injinia akakaa chini kwanza. Kisha akasema kwa upole ule ule kwamba kama sisi ndio tulioachia unyevu, dhamana ya kiwanda haipo, na kipande kipya tutajitafutia. Mkuu akashika kichwa. Sote tulijua hatungekipata.

"Lakini wacha nione kitabu," injinia akasema.

Akafungua. Ijumaa hadi Ijumaa, mstari kwa mstari, Buluu, Buluu, Buluu, na sahihi yangu. Akapitisha kidole juu hadi chini. Nilikuwa nangoja aseme. Nilikuwa namwomba Mungu aseme, ili mtu mwingine alitoe hilo jambo ndani yangu.

"Hii inabadilisha kila kitu," alisema. "Kama ilikuwa buluu wiki zote hizi, halafu ghafla ikawa hivi, basi haikufungwa vizuri kutoka kiwandani. Hilo ni letu." Akamgeukia Mzee. "Wewe ulikuwa unamwona akicheki?"

Mzee alijua fundo lake. Alijua kwamba tangu alifunge halikufunguliwa na mtu yeyote hadi mkasi ulipopita. Alijua pia plagi. Aliniangalia, na katika miaka yote niliyomfahamu hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiogopa.

"Kila Ijumaa," alisema. "Huyu hajawahi kosa."

Injinia akaandika taarifa, akaniletea kalamu. Nilitazama karatasi. Ningesema kweli, kusingekuwa na kipande kipya, wala mradi wangu, wala wa wenzangu sita waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mzee angeitwa kueleza plagi, amebakiza muda mfupi tu apate kiinua mgongo chake. Daktari angewaandikia wafadhili kwamba mwanafunzi aliyemwamini ndiye aliyeharibu. Mkono wa mkuu uliomshukuru mama ungemnyooshea kidole. Kila jema la kila mtu chumbani lilikuwa limening'inizwa kwenye neno moja nililoliandika bila kuangalia. Nikatia sahihi. Daktari alinikumbatia mbele ya watu, akaninong'oneza, "Kitabu chako kimetuokoa."

Kipande kipya kilikuja. Nilisoma vichupa vyangu vyote. Hakukuwa na mafuta ya transfoma popote, si Kianda, si Mashimoni, si Gatwekera, si Kawangware. Yalikuwa mafuta ya kawaida, mengine yamekaangiwa mara nyingi mno hadi yamechoka. Wauzaji wetu walikuwa wakisingiziwa miaka yote. Nilikabidhi mradi, nikahitimu, na Kianda waliponiuliza unamaliza lini nikawaambia nimemaliza. Mama alilia siku ya mahafali. Mimi sikulia, na watu wakasema nimekuwa mtu mzima.

Mzee alipostaafu nilichukua nafasi yake. Daktari ndiye aliyenipendekeza. Alisema hajui mtu mwingine mwenye uaminifu kama wangu na kitabu. Nilitafuta chumba karibu na kazi, na cha karibu kikawa kwenye ploti ya Mzee, kwa hiyo sasa tunakutana kwenye geti kila asubuhi. Tunaongea juu ya mvua na ng'ombe. Hatujawahi kusema neno juu ya ile Jumatatu, na nadhani kila mmoja wetu anamngojea mwenzake afe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walikosea, au hawakuwa na ajira ya kudumu.

Daktari alifanya jambo jingine. Ukurasa mmoja wa kitabu changu, ule wenye Ijumaa nyingi zaidi, aliunakili na kuutia kwenye mwongozo wa maabara, uwe mfano wa jinsi kumbukumbu inavyowekwa. Chini yake kuna kanuni: kila wiki isiyoandikwa inamkosesha mwanafunzi alama. Kila muhula nagawa mwongozo huo kwa mikono yangu. Vijana huangalia ukurasa ule, huangalia sahihi, huniangalia mimi.

Mwaka huu nina mwanafunzi mmoja, msichana wa Gatwekera, mkimya, anayekuja mapema na kuondoka wa mwisho. Zamu ya kidirisha ilikuwa yake. Nilipokusanya vitabu kusahihisha, cha kwake kilikuwa na nafasi tatu tupu, na kando ya kila moja ameandika kwa penseli: Sikuangalia. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamkata alama za wiki tatu, kama kanuni inavyosema, na hizo zilitosha kumshusha daraja.

Alikuja kuniuliza. Hakuja kwa hasira. Angekuja kwa hasira ningejua la kufanya.

"Madam, hizo siku kwetu kulifurika, singeweza kutoka. Classmate aliniambia niandike tu buluu kwa vile ilikuwa buluu wiki zote. Lakini sikuwa nimeiona."

"Kanuni ni kanuni," nikamwambia.

"Sawa." Alifunga kitabu chake, akasimama kidogo. Mwongozo ulikuwa umefunguka mezani, kwenye ukurasa ule. "Madam, kwani wewe hukuwahi kosa hata Ijumaa moja?"

Nilimtazama. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, Daktari yuko darasani. Hakuna aliyekuwa akinilazimisha lolote.

"Hata moja," nikasema.

Akanishukuru, akachukua mkoba wake na kwenda darasani.